Hatuna Mtu wa Kufa

"Huwezi kuua halafu ufe wewe mwenyewe, Gaudence, mdomo wako—"

"Dada Kissa, nisikilize, mimi nabadilisha—"

"—mdomo wako ni mmoja!"

"—nabadilisha sauti! Wewe ukifa unakufa kama mtu aliyenyimwa punguzo!"

"Basi katafute maiti wako!"

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa katuni. Gaudence alikuwa amekaa ndani ya kabati la nguo, kazungukwa na mablanketi ili kelele za mtaa ule wa Kichina, Xiaobei, zisiingie, kipaza sauti mkononi, mlango wazi kidogo aione kompyuta. Humo alikuwemo samurai wa Kijapani, upanga kiunoni, hedifoni shingoni, anayepigana kwa kufuata midundo ya hip-hop. Santuri ikikwaruzwa, kichwa cha mtu kinaondoka. Wao walimbatiza Bwana Panga, wakawa wanamtilia Kiswahili ili Kissa aipeleke diski nyumbani Mwanjelwa, kwenye kibanda cha video cha kaka yake, pamoja na marobota yake ya jinzi. Lilibaki pambano la mwisho, ambapo Bwana Panga na adui yake, mzee mpiga ngoma, wanatukanana kwa pamoja. Na sauti ya kiume ilikuwa moja tu.

Mlango wa chumba ukagongwa.

"Huzhao!"

Neno hilo hata aliyeshuka kwenye ndege asubuhi alilijua. Pasipoti. Mwaka ule msako ulikuwa umeshafika mpaka kwenye ngazi za hoteli. Pasipoti ya Kissa ilikuwa safi. Ya Gaudence ilikuwa na viza iliyokufa tangu yeye na chuo walipoachana, na aliyeshikwa hivyo alilala rumande kwanza, kisha akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Kissa akausukuma mlango wa kabati kwa kiuno, akaenda kufungua.

Askari alikuwa kijana, peke yake. Mwenzake alikuwa amepanda ghorofa ya juu. Akachukua pasipoti, akaifunua. Pembeni katuni inaendelea, hakuna aliyekumbuka kuizima. Wala kipaza sauti.

Gizani, Gaudence akashusha pumzi. Pumzi ikatokea kwenye spika, nzito kama ya ng'ombe.

Askari akageuka. Bahati nzuri Bwana Panga naye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupanda mlima, anahema. Sasa ikabidi aendelee kuwa hai, ili pumzi ile ionekane ni ya katuni. Gaudence haoni kitu, ila midundo anaisikia, na sehemu hiyo alishaitazama mpaka Kissa akamwambia aioe kabisa. Santuri ikakwaruzwa, naye akaingia:

"Mzee, weka chini hizo fimbo. Nimekuja kwa miguu na chai sijanywa!"

Kissa kicheko kikamponyoka. Askari, pasipoti bado mkononi, akakaa juu ya robota la jinzi.

Bwana Panga akatukana, akaruka, akakata. Zamu za mpiga ngoma zilipita hivihivi, mdomo unafunguka na kufumbika kama samaki wa kwenye beseni. Akafa bubu.

"Huyu mbona hasemi?" askari akauliza. Kichina hicho Gaudence alikielewa; ndicho kitu pekee alichoachiwa na chuo.

"Meiyou," Kissa akajibu, kwa lile neno la dukani la kusema hamna. "Hatuna mtu wa kufa."

Gaudence akahisi waya wa kipaza sauti unavutwa, taratibu, kutokea nje. Ukaachiwa. Ukavutwa tena.

"Kuna watu humo?" yule askari wa ghorofa ya juu akaita toka ngazini.

"Mwanamke mmoja. Karatasi zake nzima. Tangulia chini, nakuja."

Viatu vikashuka ngazi mpaka vikapotea. Askari akamrudishia Kissa pasipoti, akavua kofia, akaiweka juu ya jinzi, akakohoa kusafisha koo.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Huyo wa kabatini abaki na upanga wake. Naomba mimi ndiye nife."