Nukta Tatu Chini ya Rangi

Mota ilikaa upesi mno, na hapo ndipo Admasu alipoanza kuitilia shaka. Boliti zote nne ziliingia kwa mkono, bila nyundo, bila matusi. Ile mashine ya kuchonga meno ya gia ilikuwa kongwe kuliko yeye, na katika miaka yake thelathini ya karakana, hapo mjini Kombolcha, hajapata kuona kipuri kipya kikiikubali bila kubembelezwa kwa tupa.

"Gashe, si ushukuru tu?" Hirut alimtania, akimwita kwa jina la heshima la wazee. Alikuwa fundi umeme, wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. "Leo Ijumaa, mfungo wa nyama. Nataka mchuzi wangu wa shiro kabla haujapoa."

"Mgeni anayeijua njia ya jikoni si mgeni, mwanangu."

Hirut akaunganisha waya, akabonyeza swichi. Kisu cha mashine kikazunguka kinyume. Akazima, akabadilisha nafasi za waya mbili kati ya tatu, na alipowasha tena kikazunguka sawa. Mota ya zamani iliungua wiki ya sikukuu ya Meskel, ikauzwa kama chuma chakavu, na miezi mitano karakana ilikuwa ikisubiri mpya. Sasa mpya imekuja, imepakwa kijani, kibati chake kinang'aa, lakini haikuja na sanduku wala hata gazeti la kuifungia.

"Zima," Admasu alisema.

Akatoa kisu mfukoni, akakwangua rangi pale kifuniko cha mota kinapokutana na mwili wake. Nukta tatu kwenye kifuniko, na nyingine tatu kwenye mwili, zikitazamana. Kila mota aliyoifungua kubadili beringi aliigonga hivyo kwa panchi, kile chuma chenye ncha, ili kifuniko kirudi palepale kilipotoka. Wenzake hugonga moja au mbili. Yeye hugonga tatu, na ya katikati hupanda juu kidogo kwa sababu kidole chake kimepinda.

"Hii ni yetu," alisema. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

"Ile iliyoungua?"

"Ileile. Wameisuka waya upya, wakaipaka rangi, wakatuuzia."

Ato Sisay, ofisa ununuzi, alikuwa ameshafika mlangoni na fomu yake. "Si inazunguka?"

"Inazunguka."

"Basi saini hapa, Gashe."

Fomu ilisema: mota mpya, haijapata kutumika. Ikiungua tena, atakayeulizwa ni aliyeipokea, na Admasu alikuwa amebakiza miezi minane apate pensheni.

"Ato Sisay, mota hii naijua. Alama hizi ni zangu."

"Nukta ni nukta. Hata kiwandani wanagonga." Alisema kwa upole kabisa. "Au niandike kwamba umezuia kazi?"

Admasu aliinyakua karatasi. Aliitandaza fomu juu ya meza ya mbao, akachukua panchi na nyundo, akagonga mahali pa sahihi mara tatu. Karatasi ikatoboka, na ubao chini yake ukaingia mashimo.

"Sahihi yangu hiyo. Kailinganishe na ya kwenye mota."

Sisay hakupandisha sauti. Aliikunja fomu, akaitia mfukoni, na kutoka mfuko uleule akatoa nyingine. Alikuwa amekuja nazo mbili.

"Hirut, mkataba wako unakwisha lini?"

"Jumatatu."

"Kalamu unayo?"

Hirut alimtazama Admasu. Mzee akasogea pembeni ya meza; pensheni ilikuwa yake, lakini mkataba ulikuwa wa binti wa watu. Hirut akaiweka fomu palepale mezani na kuanza kuandika. Ncha ya kalamu ikazama kwenye shimo, ikatoboa karatasi katikati ya jina lake.

"Samahani, Ato Sisay. Imetoboka."

Sisay akaichukua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Haidhuru," alisema. "Jina linasomeka."