Inchi Sita Ndani ya Mshono

Siku ile mjinga alikuwa Lusungu, na mwenyewe hapingi. Anachoomba tu ni asikumbushwe mbele ya wateja.

Ni fundi cherehani Kinondoni, mwaka wa kumi na tisa huu, na kiuno cha mkewe anakijua kuliko namba yake ya simu. Tangu Tupokigwe aanzishiwe sindano ya kisukari, hii mpya ya mara moja kwa wiki inayopunguza na mwili, kiuno kilikuwa kimepungua inchi sita. Akaleta gauni lake la kufundishia lipunguzwe. Lusungu akalipunguza, ila mkasi hakuugusa: inchi zote sita alizikunja ndani, akazishonea humo.

Jumamosi Tupokigwe akaja kulijaribu. Akapapasa ubavuni, akakuta kitambaa kimejikunja.

"Baba Anna, humu ndani umemficha nani?"

"Akiba hiyo. Fundi mzuri haachi kuweka akiba."

"Akiba ya inchi moja naijua. Hii unanisubiri ninenepe tena."

Lusungu akakohoa, akakiri. Kuna mteja wake alijinunulia sindano kama hiyo mtaani, bila kipimo wala daktari, ili sare ya kichenpati, sherehe ya kumfunda bi harusi, imkae. Akatapika wiki nzima, akaacha, na mwili ukarudi wote.

"Dawa yenyewe ngeni, Mama Anna. Baada ya miaka ishirini itakufanya nini? Hakuna anayejua. Achana nayo. Tutatembea asubuhi, tutapunguza ugali."

"Ugali nilipunguza miaka mitatu. Wewe ndiye uliyekuwa unanimalizia."

Lakini Tupokigwe hakucheka. Swali hilo naye alikuwa amempelekea daktari, na daktari hakumficha: kichefuchefu, mawe kwenye nyongo, misuli kupungua, mara chache kongosho kuvimba, na ya miaka mingi mbele bado yanafuatiliwa. Yote aliyaandika nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo, akayasoma wiki mbili kabla ya kukubali sindano ya kwanza.

Lusungu hakujua kama kuna daftari hadi mkewe alipomweleza siku hiyo. Alikuwa ameogopa peke yake, kwa uzi na sindano, wakati mwenzake anaogopa kwa kalamu katika nyumba hiyohiyo.

"Sawa," alisema, bado anang'ang'ania, "lakini miaka ishirini, Tupo..."

Tupokigwe akamwekea mkasi mkononi.

"Mama yangu sukari ilimchukua mguu mwaka wa tisa wa kuugua, ikamchukua mwenyewe wa kumi na moja. Hiyo ishirini unayoiogopa wewe, mie ndiyo naitafuta. Kata kitambaa."