Majina Arobaini na Moja

Karani wa leba, wodi ya kujifungulia, alikuwa amefika jina la thelathini na nane. Kidole cha kushoto kilishikilia mstari kwenye rejista, cha kulia kiliwinda herufi. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Kompyuta ya ofisi aliiwasha kwa flashi aliyotengenezewa na shemeji yake, fundi kompyuta. Mashine iliendeshwa na flashi yenyewe. Ukiichomoa, inasahau kila ulichofanya, isipokuwa kilichowekwa kwenye folda moja ya siri ambayo shemeji aliiita kabati. Kesho angempa mwandishi wa gazeti orodha ya watoto waliokufa tangu mitungi ya oksijeni ianze kuletwa mitupu na kupokelewa kama imejaa.

Alimaliza la arobaini na moja, akahifadhi. Viatu vya mganga mkuu vikasikika koridoni. Akachomoa flashi, akaitia kwenye soksi.

"Mama Daftari! Hata kula huli?"

"Nimeshiba, daktari."

"Umeshiba nini, kazi?" Akacheka, akaigeuza skrini. Nyeusi. "Lete hiyo rejista. Wakaguzi wanakuja Ijumaa." Akaichukua, akamwekea nyingine mpya, ikinuka gundi, na karatasi zilizochapwa juu yake. "Nakili hizi humu. Kuanzia Januari."

Karani akapekua karatasi. "Ndio wote hawa?"

"Waliotoka hai. Una mwandiko mzuri, mama. Tusiuchoshe na misiba."

Saa tisa moshi ulipanda kutoka tanuri la taka. Aliutazama bila wasiwasi, flashi ikimkwaruza kifundo cha mguu, akaendelea kunakili. Hadi saa kumi Januari ilikuwa imekwisha: kurasa sita, watoto wote hai.

Nyumbani, shemeji yake alichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akaandika neno la siri, akatazama.

"Kabatini hamna kitu, shemeji. Uliweka wapi?"

"Pale mbele. Ukiwasha tu unaiona. Kama ninavyoweka ofisini miaka yote."

Fundi akaondoa mikono kwenye kibodi. "Si nilikwambia kuna kabati?"

"Uliniambia."

"Pale mbele hapabaki kitu. Ndivyo ilivyotengenezwa, imlinde mtu."

"Basi imenilinda."

"Rejista yenyewe si ipo?"

Karani aliomba karatasi na kalamu, akaketi mezani, akaandika kwa kichwa. Matano yalikuja haraka. Sita mengine yalikuja kwa kuvutwa, mojamoja. La kumi na mbili likagoma. Alimkumbuka mama mwenyewe, ndala zake, moja ya bluu, moja nyeusi, na jinsi alivyouliza mara tatu kama anaruhusiwa kulia au asubiri. Jina halikuja. Akaandika "Mtoto wa", akaacha nafasi. Chini yake akachora mistari ishirini na tisa, akaipa namba hadi arobaini na moja.

"Kalale, shemeji," fundi alisema. "Utayakumbuka kesho."

"Kesho nina Februari," alisema karani, akaikunja karatasi.