Aliyekuwa Nyuma ya Tipoi

Sidonie alitoka Kasongo kwa pikipiki mpaka Wamaza, matope hadi magotini, kwa sababu moja: sura ya tatu ya riwaya yake ilikuwa imekataa kuwa hai. Ngumi zilikuwamo, damu ilikuwamo, ila mtu hakuwamo. Na aibu yenyewe, mtu huyo alikuwa babu yake mzazi, Zakaria, mwenyeji wa Wamaza.

Ukoo mzima unakijua kisa hicho. Mwaka wa 1964, vita vilipofika, Zakaria na kaka yake Muzaliwa walimkimbiza mama yao mgonjwa msituni kwa tipoi, kile kiti cha miti kinachobebwa na watu wawili. Siku ya tatu Muzaliwa akataka kumwacha. Zakaria akamtandika mpaka akanyanyua tena. Sidonie amekua akijivunia ngumi hizo kana kwamba alizipiga yeye.

"Muke wangu amefika," Zakaria alisema, kama babu wa huku wanavyowatania wajukuu. "Na hii matope yote, nani mwingine atakukubali?"

"Nyamaza, Koko. Ulinioa bila kutoa hata kuku."

Mzee akacheka, akaendelea kumenya karanga. Sidonie akafungua kaye, daftari lake la riwaya, akasoma. Ndugu walipofika kwenye kupigana, vidole vya mzee vikasimama.

"Huyu mutu wako haogopi kitu," alisema.

"Ni wewe, Koko."

"Umemuweka Muzaliwa mbele ya tipoi, mimi nyuma. Ni vile ilikuwa. Sasa niambie, wa mbele anaona nini?"

"Njia."

"Na wa nyuma?"

Sidonie alifikiri kidogo. "Anamwona mama."

"Siku tatu namuona vile anakufa polepole. Kichwa yake inaanguka huku, inaanguka kule." Zakaria aliitazama karanga mkononi. "Mi ndiye niliweka tipoi chini, Sidonie. Mi ndiye nilisema tumuache. Muzaliwa alinipiga mpaka jino ikatoka."

Lo, pengo lile! Tangu utotoni Sidonie amekuwa akilicheka pengo lile. Sasa lilimuuma yeye, na alimkasirikia mzee, tusifichane.

"Na kisa chote hiki kilitoka wapi?"

"Kwa mama. Alipopona aliambia watu, Zakaria hakuniacha. Pengine ilikuwa homa, sijui. Muzaliwa alikuwa amekaa pale pale, akaniangalia, akanyamaza. Alinyamaza mpaka kufa."

"Na leo unaniambia kwa nini?"

"Kwa mudomo nimeweza kubeba hii uongo miaka sitini. Lakini kitabu, watoto ya Muzaliwa watasoma."

Sidonie alitaka kufunga kaye arudi zake Kasongo. Akiiandika kweli, anamvua babu yake jina zuri mbele ya ukoo, naye mzee ana miaka karibu themanini. Asipoiandika, Muzaliwa anabaki mwoga milele. Halafu akakumbuka jambo jingine ambalo kila mtu analijua, na ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: kwa miaka kumi na tisa, mpaka mama yule alipofariki, Zakaria alimpelekea chakula kila siku kabla yeye mwenyewe hajaonja.

"Na kile chakula, Koko?"

"Kila siku alisema mbele ya watu, Zakaria hakuniacha. Kila siku." Mzee alipangusa maganda mapajani. "Nikatafuta namna neno yake isikuwe uongo."

Sidonie akampenda hapo kuliko siku zote alizompenda kwa ngumi. Akachukua biki, akafuta jina moja, akafuta la pili, akayabadilisha nafasi. Akaanza kusoma upya, taratibu. Alipofika pale Zakaria anapoiweka tipoi chini, aliacha kusoma, akaufunika ukurasa kwa kiganja.

Mzee alimfungua kiganja, akakijaza karanga zilizomenywa.

"Soma, muke wangu," alisema. "Mama bado hajafika."