Ngazi za Fundi Lifti

Fundi Lifti alikuwa na hesabu yake: kila kinachozunguka huchakaa. Kamba huchakaa, mota huchakaa, sembuse moyo! Tangu kaka yake aanguke uwanjani akikimbiza mpira, akafa akiwa na miaka hamsini na tisa, yeye aliapa kuutunza wa kwake kwa kutulia. Hata ndoo ya maji hakubeba. Mkewe alibeba.

Wiki hii naye ametimiza hamsini na tisa, na daktari ndiyo kwanza amemvurugia hesabu.

"Mzee wangu, umri hukakamaza mishipa ya moyo, na kukaa tu kunazidisha. Kutembea ndiko kunakoilegeza."

"Na kaka yangu je?"

"Huenda yake ilianza kuziba zamani, hakujua. Yako tumeipima, haijaziba. Anza polepole. Kifua kikikubana, simama, urudi kwangu."

Kikikubana! Katika maneno yote, Fundi aliondoka na hilo moja.

Walipofika nyumbani yeye na mkewe, aliyemsindikiza kwa daktari, lifti ilikuwa chini, mlango wazi, Fundi kaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe akaipita, kikapu cha sokoni mkononi, akashika ngazi. Ghorofa nne hizo.

"Mama watoto, unataka kuniua?"

"Ningetaka, ningekuacha ukae."

Fundi akapanda. Lo! Ghorofa ya kwanza, jasho. Ya pili, moyo ukamgonga hadi masikioni, akamwona kaka yake chali kwenye nyasi, viatu vya mpira miguuni. Akaketi ngazini. Aliogopa kama mtoto, mtu mzima na mvi zake.

"Kifua kinabana?"

Akajisikiliza. "Hapana. Kinadunda tu."

"Basi pumzika, tuendelee."

"Kwani wewe huogopi?"

Mkewe akatua kikapu. Akakaa kando yake.

"Kila alfajiri nakuwekea kiganja puani, nijue kama unapumua. Tangu tumzike shemeji. Nimechoka kuogopa peke yangu, baba."

Fundi akaitazama ile mikono iliyombebea ndoo miaka yote. Kumbe alikuwa akiutunza moyo wake kwa gharama ya moyo wa mwenzake. Akashika ukuta, akainuka. Moyo ukaanza tena kugonga, na hofu ilikuwa palepale.

"Lete hicho kikapu," akasema. "Nibebe mimi."