Mstari wa Thelathini na Moja

Mwalimu Emerensiana Komba alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, mama wa mtoto mmoja aliyekwisha kuoa, na kwa miaka sita alikuwa akifanya kazi ambayo hapo Mjimwema, Songea, hakuna aliyejua ni kazi gani. Majirani walidhani anasahihisha madaftari. Mkuu wake wa shule alidhani anaandika kitabu cha hesabu cha kidato cha tatu, na kila muhula alimuuliza kitatoka lini. Yeye alicheka tu. Ukimweleza mtu kwamba unataka kuthibitisha kuwa mantiki ya kawaida, hii hii tunayoitumia kubishana sokoni, inatosha kuibeba fizikia ya kwanta yote bila kubadilishwa hata nukta, mtu huyo atakutazama kwa huruma halafu atakuuliza kama umekula.

Aliyejua alikuwa Gaspari Ndunguru, mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Bombambili, miaka sitini na mitatu, mwenye sauti ya besi ambayo kwaya ya parokia isingeenda bila hiyo. Kila Jumamosi mchana Emerensiana alichukua boda hadi kwake, akaamkia, Kunegunda mke wa Gaspari akaleta chai ya tangawizi, kisha wawili hao wakatandaza karatasi mezani mpaka jua lilipoanza kushuka.

Walifahamiana kwenye kambi ya kusahihisha mitihani ya taifa. Kule kila mwalimu hupewa swali moja. Unasahihisha swali lako, unatia tiki nyekundu au mkasi wa kukosa, unamsukumia jirani karatasi. Swali la jirani huligusi, maana ukianza kuirudia kazi yake mtamaliza Krismasi, na zaidi ya hapo utakuwa umemtukana. Basi na kazi yao waliipanga hivyohivyo. Emerensiana aliandika, Gaspari akatia tiki nyekundu pembeni mwa kila mstari, na mstari ukishapata tiki haufunguliwi tena. Ilikuwa mistari mia mbili na kumi na miwili, kila mmoja na tiki yake.

Nisifiche, mpango huo ulikuwa wa kijinga. Swali la mtihani likisahihishwa vibaya, mtoto wa watu anapoteza alama mbili tatu, maisha yanaendelea. Uthibitisho hauna alama za kugawiana. Mstari mmoja ukiwa wa uongo, yote iliyosimama juu yake ni ya uongo. Emerensiana mwenyewe alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake jambo hilo kila mwaka, tena kwa ukali. Lakini mazoea ya kambi yalikuwa yamemwingia damuni.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Kama mezani kuna chai, na pia kuna sukari au asali, basi kuna chai na sukari, au kuna chai na asali. Nani atabisha? Lakini wanafizikia huirusha chembe moja ya mwanga kwenye kizuizi chenye mianya miwili, chembe ikaenda kugonga ukuta ulio nyuma yake. Imegonga mahali fulani, na imepita mwanya wa kushoto au wa kulia. Ukisema sasa kwamba basi imegonga pale kwa kupita kushoto, au imegonga pale kwa kupita kulia, hesabu zinakataa, maana madoa yanayojikusanya ukutani hayalingani na jumla ya njia hizo mbili. Wataalamu wengine wakaamua kwamba kosa ni la ile sheria ya chai na sukari, na kwamba kwa vitu vidogo namna hiyo iwekwe kando. Emerensiana aliona ni dharau. Sheria ya mantiki si sweta, uivue kwa sababu leo kuna joto. Alitaka kuonyesha, hatua kwa hatua, kwamba hesabu zikipangwa vizuri sheria inabaki palepale na chembe zinaendelea na mambo yao.

Na sasa watu walikuwa wamemsikia. Chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kilisoma muhtasari wake kikamwita kwenye usaili wa nafasi ya uzamivu, siku ya Jumatatu, kwa njia ya video. Uthibitisho mzima ulitakiwa ufike Ijumaa. Alikuwa ameshaomba ruhusa ya masomo na kuagana nusunusu na darasa lake, na mwanawe Aidan alikuwa amewatangazia wakwe zake wote kwamba mama anakuwa daktari, si wa sindano.

Alhamisi, akiwa ananakili kazi kwa ajili ya kuituma, aliona karatasi mbili zimelowa wino hazisomeki. Hakushtuka. Gaspari alikuwa na kaunta buku lake alilonakilia kila walichofanya. Alikwenda Bombambili akamkuta Kunegunda peke yake anachambua maharage. Mzee alikuwa mazoezini kanisani. Kunegunda alimwelekeza kwenye rafu, akasema achague mwenyewe.

Gaspari aliandika tarehe kila ukurasa, kama walimu wote wa fizikia waliolelewa na maabara. Emerensiana alifunua akitafuta mistari ya tisini, na njiani jicho likanasa mkasi mwekundu, mkubwa, uliokatiza nusu ya ukurasa. Tarehe ilikuwa 11 Machi 2022, Ijumaa. Chini yake, kwa mwandiko ule uliolala anaoufahamu, paliandikwa: *Mstari wa 31. Nilitia tiki upesi. Hapa ameitumia ile sheria yenyewe anayotaka kuithibitisha. Mstari umeanguka na yote inayofuata imeanguka. Nimwambie kesho.*

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Jumamosi: *Sikumwambia.* Wa wiki iliyofuata: *Sikumwambia.* Wa Jumamosi ya tatu: *Sikumwambia. Leo amecheka.* Baada ya hapo ilikuwa mistari tu, thelathini na nne, arobaini, hamsini, tiki, tiki, tiki.

Alikaa kwenye stuli ya jikoni akachukua penseli ya Gaspari na kuufungua mstari wa thelathini na moja kwa mara ya kwanza tangu upate tiki. Dakika ishirini zilitosha. Kosa lilikuwa wazi kiasi cha kutia aibu. Kidato cha sita mwenye bidii angeliona. Alikuwa amemwita shahidi aje athibitishe kwamba shahidi huyohuyo ni mkweli.

Tena kuna aliyeliona. Miaka miwili nyuma, Zuhra, mwanafunzi wake wa zamani kutoka Nakapanya, alipokuwa anasoma shahada ya pili, alikuja Songea kumsalimia, akaketi kwenye meza hiyohiyo ya Bombambili akasoma karatasi kimya, kisha akasema kwa adabu kwamba mstari wa thelathini na moja unamtia shaka, anaona kama sheria imepitishwa mlango wa nyuma. Emerensiana alimgeukia Gaspari. Gaspari alichukua kalamu nyekundu akatia tiki ya pili juu ya ile ya kwanza, akasema vijana siku hizi wanasoma mbio. Na Emerensiana, kwa kujiamini kwa tiki mbili, alimwambia binti yule asisahau ni nani aliyemfundisha kujumlisha. Zuhra aliaga vizuri. Hakurudi tena.

Gaspari aliporudi alimkuta mezani, kaunta buku limefunuliwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita Emerensiana hakumwambia shikamoo. Mzee aliangalia ukurasa, akavuta kiti, akakaa taratibu. Kunegunda aliondoka na ungo wake akaenda uani.

Hakukana. Angekana ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu anayekana unaweza kumpigia kelele. Alieleza kwamba mwezi ule mume wa Emerensiana alikuwa na wiki tatu tu kaburini, kwamba yeye Emerensiana alikuwa hali wala halali, kwamba kitu pekee kilichokuwa kinamwinua kitandani ni kazi hii. Alikusudia kungoja wiki moja. Wiki moja ikawa mbili, halafu mistari ikaongezeka juu ya ule ulioanguka, na kila Jumamosi ilikuwa ngumu kuliko iliyopita.

"Na Zuhra?" Emerensiana aliuliza.

"Wakati ule ulikuwa umeshapita mwaka, Mama Aidan. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia mstari wa thelathini na moja."

Gaspari alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akafanya jambo ambalo mimi binafsi nisingemsamehe, japo alilifanya kwa upole wa kweli: akampa njia ya kutokea. Alisema awaandikie watu wa chuo kwamba amelikuta kosa yeye mwenyewe, usiku wa kuamkia kutuma. Watamheshimu. Huenda hata nafasi wakamwachia, maana mtu anayejisahihisha ni mtu wa kufanya naye kazi.

"Ila jina langu usilitie," alisema. "Mji huu nusu yake nimewafundisha mimi."

Hapo ndipo hasira ilipompanda, na si kwa sababu ya uongo mpya. Kilichomchoma ni kuona jinsi uongo ule ulivyotoka bila kukwama. Alimtazama mtu huyu aliyekuwa amemvika kilemba cha ukoka kwa miaka mitatu na ushei, na akauliza swali moja la mwisho, kama kuna mstari mwingine.

"Hakuna," Gaspari alisema. "Hakika hakuna."

Pengine alisema kweli. Tabu ni kwamba Emerensiana hakuwa tena na namna ya kujua. Alirudi Mjimwema kwa miguu, sweta limefungwa hadi kidevuni, upepo wa Juni ukimpiga, na njiani alijikuta anakagua mambo mengine kabisa. Ile siku Gaspari alipomwambia ana kichwa cha kufundishia chuo kikuu. Ile siku aliposhangilia mstari wa mia moja mpaka jirani akachungulia. Sasa alijua kwamba siku ile ya mstari wa mia moja mzee alikuwa anashangilia juu ya shimo, na mzee mwenyewe alijua shimo liko wapi. Alijisikia mjinga, na alijisikia ameibiwa, na hakuweza kusema kipi kinauma zaidi.

Ijumaa asubuhi, kabla hajagusa kompyuta, alimpigia Zuhra. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi, akayasema yote bila kupumzika: kwamba mstari ule ni wa uongo, kwamba Zuhra aliona sawasawa, kwamba alimtolea maneno yasiyostahili mbele za watu.

"Alhamdulillahi, mwalimu, afadhali umejua," Zuhra alisema. "Mimi nilishasamehe zamani. Mzee Gaspari alikuja huku Nakapanya mwaka jana, msimu wa korosho. Aliniomba radhi mbele ya baba."

"Alikuja Nakapanya?"

"Yeye na mama Kunegunda. Walilala kwetu siku mbili. Waliniomba nisikwambie. Walisema utavunjika."

Emerensiana alimshukuru, akamuulizia wazazi wake mmoja mmoja kama inavyopasa, akakata simu. Basi mzee aliweza. Aliweza kupanda basi, kupita Namtumbo, kupita Tunduru, kushuka na begi lake na mke wake, kuketi mkekani kwa watu na kutamka kwa kinywa chake kwamba mstari wa thelathini na moja ni wa uongo. Aliweza kumwambia mzee wa Kiyao mwenye mikorosho ambaye chembe za mwanga hazimhusu hata kidogo. Ambaye hakuambiwa ni mwenye mstari. Jumamosi iliyofuata safari hiyo alikuwa ameketi kiti chake cha kawaida, Kunegunda akimwongezea chai na kumhimiza anywe ingali moto, na wote wawili walimtazama anaandika.

Alifungua kompyuta. Alianza kuandika kama alivyoshauriwa, kwamba jana katika kupitia kazi yake amebaini dosari. Ilikuwa sentensi nzuri, ya heshima, na ilikaribia kuwa kweli. Alijua ikifika chuoni namna hiyo huenda Jumatatu akakaa mbele ya kamera bado ni mtu mwenye nafasi. Aliisoma mara mbili. Kisha akaifuta neno kwa neno, kwa kuwa hajapata kuweka mstari kwenye karatasi hali anajua si kweli, na hakutaka kuanza siku hiyo.

Barua aliyoiandika badala yake ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mstari wa 31 unaitumia sheria ambayo uthibitisho mzima ulikusudia kuitetea, hivyo uthibitisho umeanguka, na anaomba kuuondoa pamoja na maombi yake. Ilisema kwamba Bi. Zuhra wa Nakapanya alilitaja kosa hilo mwaka 2023 na hakusikilizwa. Ikamalizia: *Wa kwanza kuligundua ni Mwalimu Gaspari Ndunguru wa Bombambili, Songea, tarehe 11 Machi 2022.*

Alirudia kuisoma akitafuta neno la hasira ili alitoe, hakuliona. Palikuwa na majina na tarehe tu, na heshima kwa kila aliyestahili. Yeyote atakayeisoma, akija kuziona karatasi zenyewe na tiki nyekundu kwenye mistari mia moja themanini na mmoja iliyofuata, atamaliza hesabu mwenyewe.

Akaongeza anwani ya Gaspari kwenye nakala. Ilipogonga saa nne asubuhi alibonyeza kutuma, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakulia hata siku walipomzika mumewe.