Almasi ya Mwalimu wa Hesabu

Watu wakiingia dukani kwetu, swali lao la kwanza huwa moja tu: hii ina ukubwa gani? Hakuna anayeuliza ina uzuri gani. Nimeuza vito tangu nikiwa msichana na swali hilo bado linanikera. Almasi si kiazi. Unaweza kuchukua jiwe kubwa lililokatwa kwa pupa, tumbo lake likaachwa nene mno, na mwanga ukaingia kwa juu ukapotelea kwa chini bila kukurudia. Jiwe hilo litakaa kidoleni limenuna kama mtu aliyekosa usingizi. Na unaweza kuchukua dogo, lenye mkato wa akili, ukaligeuza kidogo tu, na kila aliye chumbani akajua umeligeuza.

Mwalimu wa hesabu alinielewa haraka, ndiyo maana nilimpenda. Alikuja kutafuta pete ya uchumba, vumbi la chaki bado limemganda mikononi, akanyoosha kidole kwenye jiwe kubwa kuliko yote kabatini. Nikalitoa, nikalilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, nikamwuliza anaona rangi gani. Akainama.

"Kama chai iliyopauka," akasema.

Nikaliweka dogo kando yake, jeupe kama maji. Nikampa lenzi, akalitazama mpaka nikaogopa atachelewa darasani. Kisha nikayapulizia pumzi yote mawili aone ukungu unavyotoweka upesi juu ya almasi. Hilo halithibitishi ubora wowote, almasi zote ndivyo zilivyo, lakini wateja wanalipenda na mimi nalipenda. Alichagua dogo. Alisema mchumba wake ni mtu wa kutazama vitu kwa karibu.

Duka ni la marehemu baba. Mbele kuna makabati ya vioo na mimi. Nyuma kuna karakana na mdogo wangu. Juu tunaishi pamoja na mama. Baba alitugawa mapema: mimi macho, yeye mikono. Mimi nachagua mawe na kuyakagua. Yeye huyapachika kwenye dhahabu, akikunja vikucha vidogo vinavyolishika jiwe, kazi ambayo ukikohoa vibaya umeshavunja kitu. Baba alinifundisha pia kwamba mkaguzi husema kasoro tu. Unalitazama jiwe kwa lenzi. Ukiona doa unasema doa, ukiona ufa unasema ufa, usipoona kitu unaliweka chini na kuchukua jingine. Jiwe safi halina maelezo. Ndivyo nilivyokagua mawe, na ndivyo nilivyokagua kila pete iliyotoka kwenye benchi la mdogo wangu. Mama husema hata chakula kikiwa kitamu nakula kimya, kikizidi chumvi ndipo najua kuongea.

Sasa mdogo wangu alikuwa anaondoka. Alitutangazia tukiwa tunakula: amepata kazi kwenye kiwanda cha vito mji mwingine, na pete ya mwalimu ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho hapa. Nilimwuliza kama ni mshahara. Akasema mshahara ni ule ule. Nikamwuliza sasa ni nini. Akasema anataka mabadiliko tu. Mwanamume mzima mwenye masharubu haamki asubuhi akataka mabadiliko tu! Nikakasirika, nikamwambia aende salama, na tangu hapo tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Ukweli ni kwamba moyo ulikuwa unaniuma. Akiondoka nitabaki na macho yasiyo na mikono, na zaidi ya hayo ni mdogo wangu, nampenda, ingawa sikumbuki kama nililisema hata mara moja.

Siku ya safari, begi lake lilikuwa limeegemezwa mlangoni mwa karakana. Basi lilikuwa la alasiri. Yeye alikuwa kwenye benchi akimalizia pete ya mwalimu, mimi nimesimama nyuma yake nikijifanya napanga visanduku, na mama ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai. Mdogo wangu akaliinua jiwe kwa kibano. Nikasikia mlio mdogo, kibano kikiteleza.

"Jiwe!" akapiga kelele.

Tukaganda wote watatu. Hiyo ni sheria ya baba. Jiwe likiruka, kila mtu anabaki alipo hata kama mguu uko hewani, na hakuna anayetoka chumbani mpaka lionekane. Aliiweka baada ya yakuti moja kwenda sokoni chini ya kiatu cha jirani na kutorudi tena.

"Nitaganda mpaka lini?" mama akauliza. "Sinia zito hili."

"Jikague kwanza, mama," mdogo wangu akamwambia.

"Nijikague kwa mkono gani, mwanangu? Wa tatu?"

Ikabidi nijinyooshe bila kuinua miguu, nimpokee sinia. Tukajikagua: mikunjo ya nguo, mifuko, eproni, nyayo za viatu. Hakuna. Tukamkalisha mama kwenye kiti, miguu juu ya stuli, akatulia hapo kama malkia aliyetekwa. Mimi na mdogo wangu tukapiga magoti, kila mmoja na brashi yake, tukaanza kufagia kutoka ukutani kuja katikati.

Ningenyamaza pale mambo yangekuwa mengine. Lakini mdomo wangu nao!

"Umebana sana," nikasema. "Kibano ukikibana sana, jiwe lazima liruke."

Akaacha kufagia.

"Unaona? Nimeangusha jiwe moja, neno umelipata hapo hapo. Ile pete ya maua, yenye vijiwe vingi, nilikaa nayo mpaka shingo ikakataa kugeuka. Wewe uliitazama, ukaitia kwenye kisanduku, ukaniuliza kama nimefunga dirisha."

"Sasa ulitaka nikuvike kilemba cha ukoka?"

"Nilitaka neno moja, dada. Moja tu. Miaka yote hii."

Mama akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Nami nikaelewa, hapo chini, nikiwa na vumbi magotini, kwamba yale mabadiliko aliyokuwa anayatafuta huko mbali yalikuwa ni neno hilo moja. Ningemjibu hapo hapo. Lakini mimi ni mtu wa kiburi, na maneno ya namna ile yalikuwa hayajawahi kupita kooni mwangu, sikujua yanaanzia wapi. Nikasema tuzime taa.

Ndiyo njia ya pili. Unazima taa, unafunga mapazia, unailaza tochi sakafuni ili mwanga utambae. Vumbi lote linageuka mali. Kwanza tulishangilia kipande cha kioo, kisha kishanga kilichodondoka kutoka kwenye gauni la mama. Kioo hung'aa mara moja kikanyamaza. Almasi nzuri haifanyi hivyo. Ukiisogeza tochi kidogo inameta nyeupe, ukiisogeza tena inameta bluu, kisha rangi ya moto, na kila mmeto una ncha kali. Ndiyo maana watu wanaipenda, hata wale wasiojua sababu. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele kinakujibu kila unapojigeuza.

Nikaiona. Ilikuwa karibu na mguu wa benchi, kando ya goti lake. Nikafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, kidole gumba cha mdogo wangu kikashuka juu yake. Akaiokota. Akaifumba kwenye kiganja cha kushoto.

"Huku hakuna," akasema.

Mdogo wangu? Aibe jiwe la mteja, siku ya kuondoka, mama akiwa hapo hapo? Nilishika brashi kama mtu anayetaka kupiga. Lakini yeye alirudi kwenye kona ile ile aliyokuwa ameshaimaliza, akaanza upya, polepole, kama mtu asiye na safari.

"Mwanangu, basi litakuacha," mama akasema kutoka gizani.

"Jiwe halijaonekana, mama."

"Sisi tutalitafuta. Wewe nenda."

"Sheria ni sheria. Baba angesemaje?"

Akaendelea kufagia sakafu safi, mkono wa kushoto umefumbwa. Nikamtazama vizuri. Mwizi angekuwa anaunyemelea mlango, lakini huyu alikuwa ameupa mlango mgongo, na begi pia. Alikuwa anasubiri basi limwache. Alitaka kubaki, akakosa namna ya kusema, na angefagia kona ile mpaka jioni kuliko kuniomba. Nikajionea haya. Nikaketi sakafuni.

"Ile pete ya maua," nikasema. "Ulipopanda juu kula, niliitoa tena kwenye kisanduku. Nilikagua kikucha kimoja kimoja. Nilikuwa natafuta kosa. Nikaenda nayo dirishani nikatafuta tena. Sikuliona."

Brashi yake ikasimama.

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu sikuliona! Ningesema nini?" Nikaiweka brashi chini. "Mimi pete isiyo na kosa naitia kwenye kisanduku, basi, nimemaliza. Miaka yote hii natia kazi zako kwenye visanduku. Nilidhani unajua maana yake."

"Sikujua."

"Sasa nakuambia. Sijaona mikono kama yako. Hata ya baba haikufika hapo, na mama asinisikie."

"Nimekusikia," mama akasema. "Na ni kweli."

Tochi ilikuwa bado imelala sakafuni, ikimulika ukuta bure. Kisha mdogo wangu akainama kwenye kona yake.

"Nimelipata," akasema.

"Lilikuwa wapi?"

"Hapa. Sasa hivi."

Siku nyingine ningelikamata doa kama hilo nikiwa nimefumba macho. Safari hii nikaliacha lipite.

Mama aliomba ruhusa ya kushusha miguu, akaenda kufungua mapazia. Mdogo wangu akanitilia jiwe kiganjani, likiwa na joto la mkono wake. Nikachukua lenzi, kwa sababu almasi ni ngumu lakini pembe zake huweza kumeguka ikianguka vibaya. Nikalizungusha pembe zote.

"Limesalimika," nikasema kwa sauti, ingawa kwa desturi yetu ningeliweka tu mezani. "Ni zuri sana."

Yeye alikuwa anafuta magoti, macho kwenye begi.

"Basi bado halijaondoka," akasema. "Mtu mwingine anaweza kumpachikia mwalimu. Nikitoka sasa hivi, naliwahi."

Hakulisogelea begi. Alisimama tu, akanitazama, na nikajua kwamba yale niliyoyasema gizani hayakutosha. Nilikuwa nimeisifu mikono. Mwenye mikono alikuwa bado anasubiri.

"Usiende," nikasema.

Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Mume wangu alipofunga mizigo yake nilimshikia mlango. Sasa nilikuwa nimesimama katikati ya karakana, jiwe la mwalimu mkononi, machozi yananitiririka mbele ya mama kama mtoto aliyekatazwa kucheza, na wala sikujali.

"Usiende, mdogo wangu. Nakuomba."

Aliliacha begi pale mlangoni. Kisha akavuta kiti, akakaa, akawasha taa ya benchi. Akainyanyua pete, akachukua kibano, akanyoosha kiganja nimrudishie jiwe. Nikampa. Akaliweka mahali pake na kuinamia kazi, lakini mikono ikabaki hewani, inasubiri.

"Dada," akasema bila kugeuka, "umenizibia mwanga."

Nikasogea.